Tunutu Wanaotolewa Mmoja Mmoja

Nilimtoa mmoja kwa kibano, wakabaki ishirini na wanane. Nikaandika: saa tisa na dakika kumi. Tunutu, yaani nzige wachanga ambao bado hawajaota mabawa, hawakujali. Waliendelea kuzunguka ndani ya duara la bati, wote upande mmoja, kama waliopigiwa filimbi.

Sikutegemea hilo.

Kwa miezi mitano mimi na Daktari, mtafiti wa wadudu, tulifanya kazi kwa njia ileile. Asubuhi duara ni tupu, mita moja ya mraba. Natia tunutu kidogo kidogo, nahesabu. Wakiwa kumi, kila mmoja na lake. Ishirini, vilevile. Wakifika thelathini, ghafla wote wanashika njia moja. Kwenye kompyuta ya Daktari kuna nukta zinazoigiza tunutu, kila moja inamfuata jirani yake na kukosea kidogo. Nazo zilishika njia moja hapohapo, kwenye thelathini. Tukaandika kwamba chini ya thelathini hawaandamani, karatasi ikaenda kwa wapiga dawa ya nzige.

Kazi ikiisha huwa nawafagia wote kwa mkupuo. Leo kizimba kipya cha kuwarudishia kilikuwa na mlango mdogo, nikawa nawatoa mmoja mmoja. Nilipoona hawatawanyiki, nikaanza kusubiri robo saa kila nikitoa mmoja.

Walipobaki ishirini na sita, simu ikalia. Wifi yangu, mke wa kaka, analima mtama bondeni.

"Wifi, hao wadudu wako bado wanaota taa kama wagonjwa?"

"Wanaota. Wa kwako je?"

"Wangu hawana muda huo. Wanatembea. Na wapiga dawa wamehesabu ishirini na sita kwa mita, wanasema kazi imekwisha, kesho wanafunga virago. Eti karatasi ya kwenu. Si wewe uliyehesabu?"

"Ni mimi. Wanatembea ovyo, au upande mmoja?"

"Upande mmoja! Upande wa mtama wangu! Hesabu tena, mama wee. Nimebakiza wiki mbili nivune."

Nikamwita Daktari. Alisimama juu ya duara, kikombe mkononi, chai ikapoa.

"Dada, umefanya mara ngapi?"

"Hii ya kwanza."

"Mara moja si kitu. Wewe mwenyewe huniimbia hivyo kila siku."

"Ndiyo maana sisemi kitu. Nauliza tu. Zile nukta zako, umewahi kuzianzisha zikiwa zimeshashika njia moja?"

Aliweka kikombe chini.

"Sijawahi. Huwa nazimwaga ovyo, kisha naziongeza."

Akaenda kwenye kompyuta. Akaanza na thelathini, zote mwelekeo mmoja, akapunguza. Ishirini na sita: zinakwenda. Ishirini na nne: zinakwenda. Alijikuna kichwa kwa kalamu hadi wino ukamchora paji.

Akampigia msimamizi wa wapiga dawa, sauti ya yule bwana ikajaa chumbani.

"Daktari, jana ulikuwa na namba, leo huna?"

"Ile ni ya kuanza kuandamana. Ya kuacha sina."

"Nina mabonde mengine mawili yananilia. Nibaki hapa mpaka lini?"

Daktari alinigeukia. Nilinyoosha kidole kimoja, mwenyewe sina hakika.

"Siku moja," akasema.

"Kesho saa kumi jioni. Ikipita hapo naondoka, na lawama ni zako."

Tukarudi kwenye duara. Ishirini na watatu. Ishirini na wawili. Nilikaa, nikainuka, nikakaa tena. Saa kumi na moja kasorobo mlinzi alipitisha kichwa, funguo zikilia.

"Umeme unakatwa saa kumi na moja, kama kila siku. Hata kwa wadudu."

Taa ya joto ikizimika, tunutu hulala. Wakilala, inabidi kuanza upya kutoka thelathini.

"Njoo saa kumi na mbili alfajiri," Daktari akasema. "Nitaleta bati la pili. Tukienda sambamba, labda tutapata mara nne."

"Na namba zikitofautiana?"

Alifunga kompyuta yake. Nilimtoa mmoja zaidi, nikaandika: ishirini na mmoja, bado wanakwenda. Nikapiga mistari ya hesabu za kesho chini yake, na mlinzi akazima umeme.