Mpira Chini ya Kisigino

Jioni ile Jacinto alipiga magoti sebuleni akamfunga Evaristo kamba za viatu, kama alivyofanya kila siku tangu mikono ya mwenzake ianze kutetemeka. Alimpangusa suruali, akamwambia wakifika kwenye maonyesho asiwe na haraka ya kupanda ghorofani kwenye picha, kwanza asalimie watu na anywe divai kidogo. Evaristo alicheka. Alidhani kuna zawadi inamsubiri huko juu. Naye alikuwa na yake mfukoni mwa koti, ya kumpa Otília, yule binti aliyeandaa maonyesho hayo ya picha zake.

Siku hiyo aliisubiri umri mzima. Evaristo Lage alikuwa mpiga picha za pasi hapa Porto, Ureno. Siku za kazi aliwapiga picha maharusi na wanajeshi wapya. Jumapili, mlango wa duka ukiwa na komeo, alijipiga picha mwenyewe, uchi wa mnyama, kwa macho yale ambayo mwanaume humtazamia mwanaume anayempenda. Siku hizi vijana mashoga humsimamisha barabarani na kumwita babu yao. Enzi za udikteta hakuwa babu wa mtu. Picha moja tu ya namna ile ilitosha kukupeleka ndani.

Alijipigaje? Kwa kipira kidogo, mfano wa kile cha chupa ya marashi, kilichounganishwa na kamera kwa mrija mrefu mweusi. Alikiweka chini ya kisigino cha kulia, akakikandamiza, kamera ikalia. Na mrija hakuuficha. Fundi mwingine angeufuta kwa brashi, yeye aliuacha ulale sakafuni katika kila picha, kila mtu auone. Alitaka ijulikane kwamba hakuna aliyemchungulia. Alijitazama mwenyewe, kwa hiari yake, bila haya.

Mrija huohuo ndio uliomwokoa Jacinto. Askari kanzu walipovamia duka, picha za mtu mmoja hazikuwatosha, walimtaka na aliyeshika kamera. Walimpiga, wakamuuliza, wakampiga tena. Evaristo akawawekea kidole juu ya picha.

"Fuateni huu mrija," aliwaambia. "Utawafikisha kwenye kisigino changu. Humo chumbani hamkuwa na mtu mwingine."

Na ilikuwa kweli. Jacinto Teles, karani wa bandarini, alikuwa akilala pale Jumamosi na kutoroka kwa mlango wa uani kabla kamera haijatolewa. Alipoitwa kuhojiwa aliapa kwamba Evaristo alimpiga picha ya pasi tu, basi. Usimlaumu kwa hilo. Kiapo hicho alifundishwa na Evaristo mwenyewe. Evaristo akafungwa peke yake, akatoka na kifua kibovu, akazikuta filamu zake salama kwa Jacinto, ndani ya kasha la samaki wa chumvi. Tangu hapo hakuzidai. Utamdai nini mtu aliyekutunzia roho yako? Hata watu wa maonyesho walipokuja, yeye alisema kwa ufupi, ongeeni na Jacinto.

Basi walipofika kwenye maonyesho alisalimia watu, akanywa divai yake, akapanda. Picha ya kwanza ilikuwa kubwa kama mlango. Alijiona kijana, kifua wazi, shingo imelegea, mguu wa kulia mbele. Alishusha macho kuutafuta mrija. Sakafu ilikuwa tupu. Akaenda ya pili, akaenda ya tatu akikaribia kuigusa kwa pua. Kote sakafu ilikuwa tupu, mrija umefutwa kwa ustadi. Chini ya picha palikuwa na kibao: Evaristo Lage, picha imepigwa na Jacinto Teles.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Evaristo katika picha zile hakuwa na nguo hata moja, na bado aliliwa.

Iliuma, na iliuma mahali ambapo hata marungu ya askari hayakufika. Maana ukiuondoa mrija, yule kijana ukutani hakujitazama tena. Alikuwa kitu cha kutazamwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amesimama pale dirishani na glasi mkononi, amezungukwa na vijana, akiwaeleza habari za vidole vya mguu. Katika kila picha vidole vya mguu wa kulia vimeinuka kidogo, na vijana walitaka kujua kwa nini.

"Ni mimi niliyemwambia aviinue," Jacinto alikuwa akisema. "Nilitaka aonekane kama mtu anayetaka kucheza dansi."

Evaristo hakupaza sauti. Alimwita Otília, akamuuliza kama filamu zenyewe alizionyeshwa. Otília akasema hapana, mzee Jacinto aliwapa picha zilizokwisha kusafishwa, akasema filamu zilioza, tena kwamba Evaristo hapendi kuulizwa mambo ya zamani. Evaristo akatoa ile zawadi mfukoni. Ilikuwa mrija na kipira chake. Mikono ikamshinda, akamwomba binti auingize kwenye kamera ileile ya zamani ya dukani, iliyosimamishwa katikati ya ukumbi kama pambo.

Akavuta kiti cha mlinzi, akaketi. Akakanyaga kiatu cha kulia kwa kingine, mguu ukachomoka. Soksi akaivuta kwa taabu. Watu wakaanza kusogea, wengine wakitabasamu wakidhani ni sehemu ya sherehe. Akaweka kisigino juu ya kipira, akakandamiza.

Vidole vikainuka.

Kamera ikalia, tupu, haina filamu. Vijana wakatazama mguu wa mzee, wakatazama ukutani, wakarudi mguuni. Msichana mmoja akaweka glasi yake chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Jacinto alikuja taratibu. Uso ulikuwa umemshuka.

"Maisha yangu yote nilitokea mlango wa uani, Evaristo," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka tu na mimi ionekane nilikuwepo."

"Nilikuita. Kila Jumapili nilikuita."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Ndiyo maana niliwaambia hukuwepo, wakanivunja mbavu nikiwaambia hukuwepo. Na hilo nalo umelifuta."

Jacinto alifanya jambo pekee aliloweza. Alipiga magoti mbele ya watu wote, akaokota kiatu, akanyoosha mkono kuupokea mguu. Evaristo akauvuta nyuma.

Alivaa mwenyewe, na ilichukua muda mrefu. Kamba zilimkataa, vidole vikatetemeka, watu wakatazama pembeni kwa aibu. Mwishowe akaziacha. Akateremka ngazi polepole akishikilia ukuta, kamba zikiburutika nyuma yake.