Gia ya Pili ya Nevena

Pikipiki ya Nevena iliposhushwa uani, mama yake aliingia ndani akafunga dirisha. Hakusema neno. Sasa mama huyo, Zlatka, ni mwanamke wa maneno, anaongea hata na sufuria, kwa hiyo akinyamaza ujue kuna jambo. Mumewe, Velichko, alibaki nje mikono mfukoni, akiitazama ile pikipiki nyekundu mpya, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kama kijana aliyetembelewa na mchumba. Aibu ikamshika. Akakohoa, akaenda kuwamwagia mahindi kuku ambao walikuwa wameshakula.

Nevena alikuwa binti yao wa pekee, muuguzi, miaka ishirini na sita. Kuanzia Jumatatu ya pili baada ya Pasaka angehudumia vijiji viwili vya ng'ambo ya mlima, ambako basi halifiki na vijana wameshahama, wamebaki wazee na vidonda vyao na sindano zao za sukari. Barabara ya huko ina kona kumi na nne za kushuka. Leseni alikuwa nayo miezi miwili tu.

"Kitabu kinasema kilomita elfu moja za kwanza niende nayo polepole," alimwambia baba yake, akionyesha ukurasa kwa kidole. "Nisiikamue, nisikae kwenye spidi moja muda mrefu, nibadilishebadilishe gia mpaka vyuma vizoeane."

"Mimi unanifundisha hayo?" Velichko akacheka. "Nilikuwa nalainisha injini za watu kabla mama yako hajanijua jina."

"Ulikuwa, baba. Ulikuwa."

Kweli, alikuwa. Pale getini kulikuwa na karatasi yenye picha ya Stoyko, mdogo wake Velichko, ile tunayobandika kila mwaka ili marehemu asisahauliwe. Miaka ishirini na miwili bila Stoyko. Aliishia kona ya saba, na pikipiki yake ilipatikana chini kwenye mto. Siku ya mazishi Zlatka alimshika Velichko mkono, akampeleka mpaka kwenye udongo mbichi, akamwambia abusu msalaba na aape kwamba hatapanda tena pikipiki maisha yake yote. Akaapa. Mwanamume aliyekuwa anaongoza wilaya nzima kwa wepesi wa gia, tangu siku hiyo akawa mtu wa trekta na miguu. Kijiji kizima kilikijua kile kiapo, na kilimheshimu kwacho.

Wiki iliyofuata Nevena alikwenda mjini kwa mafunzo. Alikuwa ameiendesha pikipiki kilomita mia na kidogo tu, kuzunguka kijiji. "Baba, mtu asiiguse," alisema akipanda basi.

"Nani aiguse?"

Zlatka naye alikuwa anashinda kwa dada yake wakipanda viazi, siku nne mfululizo. Nyumba ikabaki na Velichko na ile pikipiki chini ya turubai. Asubuhi ya kwanza alilifunua turubai, akalifunika. Akalifunua tena. Akajiambia: mwanangu atateremka kona kumi na nne na injini mbichi, mguu mbichi na leseni mbichi. Afadhali nimlainishie mimi, nimkabidhi kitu kilichotulia. Nusu yake yalikuwa mapenzi na nusu nyingine ulikuwa uchu, na yeye mwenyewe hakutaka kujua ipi iliyokuwa kubwa.

Alifungua kwanza waya wa kilomita kwenye gurudumu la mbele, ili namba isisogee. Ujanja wa zamani huo. Kisha akaisukuma kimya mpaka nyuma ya zizi, akapanda, akashika njia ya msituni wanakopita wakata miti.

Jamani, alikuwa na furaha! Kwa siku nne aliiendesha karibu kilomita mia nne, kupanda na kushuka, taratibu, bila kuikamua, sawasawa na kitabu. Petroli aliyotumia aliirudisha, na waya wa kilomita akaufunga tena. Matope aliyafuta kwa fulana yake. Kitu kimoja tu kilimkera: akibadilisha gia ilikuwa inalia. Kra! Hasa ya pili. Akaona ni upya tu, meno mapya hung'ata, yatazoea.

Hakuutazama mkono wake wa kushoto. Velichko alijifunzia zile pikipiki za Kicheki, ambazo ukikanyaga gia kwa mguu, klachi inajiachia yenyewe. Wazee wetu wote waliziendesha hivyo, mguu unafanya kazi na mkono umelala kwenye mpini. Miaka ishirini na miwili ilikuwa haijamtoa tabia hiyo. Kuondoka alikuwa anaibana klachi vizuri kama kila mtu, lakini akishaondoka mkono unalala, mguu unakanyaga, gia inaingizwa kwa nguvu, kra, naye anatabasamu na kusonga mbele.

Jumamosi Nevena aliporudi na kuiwasha, Velichko alikuwa anatengeneza ua. Gia ya kwanza iliingia. Ya pili ikalia kama kijiko kwenye mashine ya kusaga, ikaingia, halafu penye kilima kidogo mbele ya kanisa ikaruka. Injini ikapiga kelele bure, pikipiki ikalegea. Nevena alishusha miguu kwa hofu.

"Baba! Umeiona hiyo?"

"Nimeona mguu wa mkulima," akasema Velichko, akicheka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Hukanyagi gia mpaka mwisho, unaibembeleza. Unaogopa itakuuma?"

"Nakanyaga! Na frii siipati kabisa, natafuta frii naipata ya pili, natafuta ya pili naipata frii."

"Kanyaga kama unaua nge."

Alikanyaga kama anaua nge. Ikaingia, ikakaa, ikaruka tena. Mchana mzima alijaribu, shingo imemwiva kwa jua na kwa hasira, na kila ilipolia nyundo ya Velichko ilikosa msumari. Bado hakuwa amejua. Lakini mwili ulikuwa umeanza kujua.

Wakaipeleka kwa fundi Trifon, aliyefungua karakana kwenye kile kiwanda cha maziwa cha ushirika wa zamani. Trifon ni mtu mzito, haongei akiwa na spana mkononi. Alipima uchezaji wa waya wa klachi, akaulegeza kidogo, akaukaza. Akashusha pedeli ya gia kidogo ili kiatu cha Nevena kiifikie vizuri. Akazunguka nayo uwanja mara moja. Kra. Akarudi, akazima, akaweka beseni chini, akafungua oili.

Oili ilitoka nyeusi, na ndani yake kulikuwa na vitu vinavyometameta. Trifon alichovya kidole, akakisugua kwa kingine, akanyanyua kipande chembamba cha chuma kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Ina kilomita ngapi hii?"

"Mia moja na arobaini," akasema Nevena.

"Haiwezekani." Trifon alitazama saa ya kilomita, akamtazama msichana. "Kilomita mia na arobaini halafu chuma chote hiki? Meno ya gia ya pili yameliwa, binti. Klachi yenyewe haina tatizo. Hapa kuna mtu amebadilisha gia bila kushika klachi, na siyo mara mbili wala tatu." Kisha akacheka, kicheko cha kifua. "Ingekuwa huyu mzee wako ndiye anaiendesha ningeelewa. Sisi wa zile za Kicheki ndivyo tulivyo, mkono umekufa. Lakini yeye ana kiapo."

Hapo ndipo Velichko alipoutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa unaning'inia tu ubavuni. Alizikumbuka zile kra zote, moja moja, za siku nne. Fungua mdomo, alijiambia. Sema sasa, Trifon yupo, utachekwa kidogo, itakwisha.

"Ni mimi," akasema Nevena.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Siku za kwanza nilikuwa nachanganyikiwa, mjomba Trifon. Labda nilikuwa nasahau klachi. Lazima ni mimi, hakuna mwingine aliyeigusa."

Velichko akauingiza mkono wa kushoto mfukoni.

"Basi ulisahau sana," akasema Trifon. "Inabidi niipasue, niagize gia. Wiki mbili. Mlimani usiende nayo."

"Jumatatu wananisubiri. Kuna mzee kule ana kidonda mguuni, siku kumi hakijaoshwa."

"Gia ya pili ikiruka wakati unateremka, injini haikushiki tena. Unabaki na breki na Mungu."

"Nitatumia ya tatu."

"Kona ya saba haipitiki kwa ya tatu. Muulize baba yako."

Nevena alimtazama baba yake. Velichko akasema, "Haipitiki." Nevena akajibu kwamba atapita polepole kwa ya kwanza, basi, mradi afike.

Jumapili yote Velichko alizunguka na lile neno mdomoni. Alimfuata binti yake bustanini, akarudi. Alimsikiliza akijipanga: Jumatatu hii tu, akitoka huko anaipeleka kwa fundi. Mchana Zlatka alileta mezani pai ya viazi, akawakatia, na wakati Velichko anavuta pumzi aseme, Zlatka akaanza yeye.

"Mimi sitalala mpaka huyu mtoto arudi kesho. Nakuambia ukweli, Velichko, miaka yote hii kinachonipa usingizi ni kile kiapo chako. Najisemea, mdogo wako alinitoroka, lakini wewe nilikushika." Akamwekea kipande kikubwa zaidi. "Kula. Mbona umenikodolea macho?"

"Njaa."

Akala. Jioni alimwambia Nevena, "Kesho usiende, kuna ukungu."

"Ukungu upo kila siku, baba."

"Nitakuombea gari la Trifon."

"Gari la Trifon halina magurudumu." Nevena alicheka, akambusu shavuni. "Unaogopa kuliko mama. Nitaangalia mguu wangu, nakuahidi. Najua kosa ni langu."

Angesema hapo. Mimi simwelewi mtu anayenyamaza hapo, nasema wazi. Lakini alinyamaza, akamshika kichwa kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo, akaenda kulala, wala hakulala.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata kanisa halionekani. Nevena aliondoka na mkoba wa dawa mgongoni. Velichko alisimama getini akisikiliza. Masikio yake yalikuwa mazima, aliweza kuhesabu kona kwa mlio wa injini tu. Kona ya kwanza, akapunguza. Ya pili. Ya tatu, akapanga gia vizuri, safi, binti ana mkono mzuri kumbe. Kona ya tano, ya sita. Polepole. Halafu akasikia anashusha gia kuelekea ya kwanza, na katikati ya kushusha, pale inapopita ya pili, kra, na injini ikapaa juu kwa kilio kirefu kisicho na mzigo. Kikakatika.

Velichko alikimbia. Mzee wa miaka sitini na moja, na viatu vya zizi, alikata kona zote kwa kupita moja kwa moja msituni, akianguka na kuinuka, akiita jina. Nyuma yake alimsikia Zlatka akipiga mayowe kutoka getini, na mayowe yale aliyajua, alikuwa ameshayasikia mara moja.

Pikipiki ilikuwa imelala juu ya ukingo wa mawe, gurudumu la nyuma limening'inia hewani. Nevena alikuwa upande huu wa ukingo. Alikuwa amekaa. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, ulionekana hata kupitia koti, na mguu mmoja ulikuwa umegeuka vibaya. Uso ulikuwa mweupe. Alipomwona baba yake alianza kulia.

"Nisamehe, baba," akasema. "Ni mguu wangu. Nimeiharibu. Nilikanyaga vibaya tena. Mama atakufa. Nisamehe."

Velichko alipiga magoti barabarani, akamkumbatia upande usiovunjika. Alisikia hatua za Zlatka zikikaribia kwenye ukungu, na pumzi zake, na vilio.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema.

Wiki tatu baadaye Nevena alikuwa amekaa jikoni, mguu kwenye plasta juu ya kiti na mkono umefungwa kifuani. Vijiji vya ng'ambo alikuwa amepangiwa mwenzake kwa muda. Madaktari walisema atapona, atatembea kwa kuchechemea kidogo, na kufikia vuli anaweza kurudi kazini. Trifon alikuwa ameshaipasua injini, gia mpya zimefika, na asubuhi hiyo alituma ujumbe: iko tayari, kama bado mnaitaka.

Velichko alisubiri Zlatka aseme iuzwe. Aliombea hivyo kimoyomoyo. Zlatka alikuwa anakanda unga, mgongo kwao, na alikanda muda mrefu.

"Inabidi ilainishwe upya," akasema mwishowe. "Trifon anasema gia mpya, kilomita elfu moja tena, mwanzo kabisa." Akajifuta mikono kwenye aproni, akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Mtoto anataka kurudi kwa wazee wake, sitamzuia, nimeshindwa. Lakini safari hii hailainishi yeye. Utailainisha wewe. Kiapo nilikufunga mimi, na mimi ndiye ninayekufungua. Ningekufungua mapema, hili lisingetokea."

"Zlatka..."

"Usikatae. Wewe unao mkono. Nilikuwa mjinga kuogopa."

Nevena alimtazama baba yake, uso umejaa tumaini, na kwa mkono wake mzima akamshika ule wake wa kushoto uliokuwa umelala mezani.

"Halafu ukimaliza unifundishe, baba. Nifanye hivyohivyo unavyofanya wewe. Mimi sikutaka kukusikiliza."

Walikuwa wanamsubiri, wote wawili. Velichko alitazama unga mezani, kisha akatazama plasta.

"Nitakufundisha," akasema.