Kioo cha Aina Yoyote

Uliona. Usijifanye hukuona. Lile lori lilipita mbele yako mwaka jana, mchana kweupe, watu kumi na mmoja wamelala juu ya magunia wameshika matumbo, na wewe ghafla ukakumbuka kwamba kamba ya kiatu chako imelegea. Ukainama. Ulipoinuka lori lilikuwa limeshapita, na dhamiri yako nayo ilikuwa imeshalidandia ikaenda zake. Basi leo utasikiliza habari za mpishi aliyekuwa ndani ya lori lile, amewashika wawili vichwa, mmoja kwa kila goti.

Wenzake walimwita Bi Kifuniko. Lilikuwa jina la kejeli, maana kila sufuria yake ilikuwa na kifuniko, ila mdomo wake. Alikuwa mpishi wa kampuni ya miche. Kila mwaka mvua zikikaribia, kampuni huwachukua wafanyakazi themanini wa kitaluni ikawapeleka kwenye mahema, juu ya vilima, wakapande miti wiki mbili. Na kila mwaka chakula chao kilisafirishwa kwenye ndoo za plastiki zilizowahi kubeba rangi ya nyumba.

"Zimesuguliwa kwa mchanga," alisema Meneja.

Kusuguliwa zilisuguliwa. Lakini ukizifunua siku ya tatu, harufu iliyokupokea haikuwa ya maharage, ilikuwa ya ukuta mpya.

Kati ya wale kumi na mmoja alikuwemo wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mpaka leo akila hula huku mkono mmoja uko tumboni kama anayemshika mtoto asianguke. Daktari alisema ni chakula. Meneja alisema ni uchafu wa mikono yao. Bi Kifuniko siku hiyo hakusema neno, jambo ambalo lingewatisha wakubwa wote kama wangemjua.

Mwaka huu alianza miezi mitatu kabla. Alikusanya chupa za kioo za mdomo mpana, za jemu, za asali, za siagi ya karanga, mpaka zikafika mia moja na ishirini. Akazichemsha, akaziinamisha juu ya kitambaa zikauke juani, akazijaza mchele, choroko, maharage makavu, unga, chumvi, ndimu za achari. Alizipenda kwa sababu hazina unafiki. Mdudu akiingia unamwona, na yeye anakuona, mnasalimiana. Panya hatoboi kioo. Sisimizi hapiti kwenye kifuniko kilichokazwa. Na harufu ya juzi haikai humo ikimsubiri mgeni wa kesho.

"Na ile barabara, wifi?" aliuliza wifi yake. "Kwa mashimo yale utatupikia kokoto."

"Nitazivalisha soksi."

"Chupa?"

"Kila mtu ana soksi moja iliyofiwa na mwenzake. Nitaziomba."

Akaweka boksi karibu na bomba la kitaluni, akaandika juu yake: WAJANE NA WAGANE WAPOKELEWA HAPA. Watu wakacheka, lakini soksi zikaja. Nyekundu, za mistari, zilizotoboka kisigino. Moja ilinuka hivi kwamba aliichemsha mara mbili, kisha akaiomba sufuria msamaha. Chupa zikavaa, zikapangwa kwenye kreti za soda, zikatulia kama watoto wa chekechea wanaosubiri picha.

Hapo ndipo Meneja alipopita stoo. Huyu naye alikuwa na jina lake la pembeni, Bwana Usalama, kwa kuwa kila baya alilowafanyia watu lilianza na "kwa usalama wenu".

"Hivi ni vitu gani?"

"Chakula, bosi."

"Kimevaa soksi?"

"Kule vilimani kuna baridi."

Meneja hakucheka. Hakuwa mjinga, tusimwonee. Alijua kwamba kuzikubali chupa ni kukiri kwamba ndoo ndizo zilizowalaza watu, na mtu wa cheo chake heri ale hiyo ndoo kuliko akiri. Kesho yake asubuhi tangazo likabandikwa ofisini na kwenye geti la kambi:

KWA USALAMA WENU, KIOO CHA AINA YOYOTE HAKIRUHUSIWI KUINGIA KAMBINI. KITAKACHOKAMATWA KITAFUNGIWA KWA MLINZI HADI KAMBI IISHE. CHAKULA KITABEBWA KWENYE NDOO KAMA KAWAIDA.

"Tumekwisha," alisema wifi, na mkono wake ukaenda tumboni wenyewe.

Bi Kifuniko alilisoma mara tatu. Mara ya tatu alitabasamu.

"Pakia chupa," alisema.

"Wifi, una wazimu? Atazikamata getini!"

"Pakia. Na ukumbuke kalamu."

Sasa mjue mlinzi wa geti lile. Mwaka jana, lori la wagonjwa lilipofika kwake bila karatasi ya ruhusa, yeye aliona hali ya watu akafungua. Meneja akampa barua ya onyo: Umeajiriwa kufuata, hukuajiriwa kufikiri. Barua hiyo aliikunja akaitia mfuko wa shati, na tangu siku ile aliacha kufikiri kwa bidii kubwa kuliko wengine wanavyofikiri.

Lori la kwanza lilifika saa tatu asubuhi, limejaa watu na kreti za chupa. Lori la ndoo lilikuwa nyuma, linapanda mlima kwa kukohoa.

"Mna kioo?" aliuliza mlinzi.

"Tunacho, kaka," alisema Bi Kifuniko. "Chupa mia moja na ishirini."

"Hazipiti, dada yangu. Nisamehe. Hata tumbo langu limo humo, lakini hazipiti."

"Mimi sibishi. Nataka kuelewa tu, maana shule niliishia mlangoni. Tangazo linasema chupa?"

Mlinzi akalifuata kwa kidole. "Linasema kioo cha aina yoyote."

"Na kile cha kujitazamia?"

"Kioo."

"Na cha simu?"

"Simu ikianguka si wanasema imepasuka kioo? Ni kioo."

"Na cha gari?"

Mlinzi akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama barabarani, ambako vumbi la gari la Meneja lilikuwa linakuja mbio. Akagusa mfuko wa shati.

"Dada, umenitia kwenye mtihani."

"Si mimi, kaka. Ni kalamu ya mtu."

Wenye vioo vya mfukoni na wenye simu wakaanza kushuka wenyewe, wamejipanga mstari, kila mmoja anatumbukiza chake kwenye sanduku la mlinzi kwa adabu ya msibani. Hakuna aliyewaambia. Wengine walikuwa wanang'ata midomo ili wasicheke kabla ya wakati.

Meneja akafika, akapiga honi. Saa sita alikuwa anamtarajia mkubwa kutoka makao makuu, aje aone kambi ilivyo nadhifu.

"Fungua!"

"Habari za asubuhi, bosi. Naomba niione hiyo miwani."

Meneja akamkabidhi, akidhani anataka kumfutia vumbi. Mlinzi akaitia sandukuni, akabana kufuli. Ko!

"Unafanya nini wewe?"

"Kioo cha aina yoyote, bosi. Vilikuwa viwili, kulia na kushoto. Simu pia naomba."

"Mimi ndiye niliyeandika!"

"Na umeandika vizuri. Gari nalo lina madirisha sita, na vioo vitatu vya kutazamia nyuma. Liache hapa, au liingie bila vioo. Nyundo ninayo."

Ndipo watu wakapasuka. Mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma ya lori, "Kwa usalama wetu!" na wengine wakaitikia kama wako ibadani. Meneja alizunguka akitafuta aliyesema, lakini bila miwani aliona ukungu tu, na ukungu wote ulikuwa unacheka.

"Nimelifuta tangazo! Mmesikia? Nimelifuta!"

"Kwa maandishi, bosi," alisema mlinzi, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Mwaka jana nilifungua bila karatasi, ukaniletea karatasi ya onyo."

Meneja akaomba karatasi, akaileta puani, akaipeleka mbali, akairudisha puani. Jua lilikuwa linapanda na mkubwa yuko njiani.

"Nani ana mwandiko mzuri hapa?"

"Wifi yangu," alisema Bi Kifuniko. "Mimi nitamtajia maneno, asikuchoshe."

Wifi akainamia boneti ya gari na kalamu yake. Bi Kifuniko akataja, wifi akaandika, kisha Bi Kifuniko akaichukua karatasi akasoma kwa sauti ya mimbarini: "Kuanzia sasa, kioo cha aina yoyote kinaruhusiwa kuingia kambini." Sentensi ya pili aliisomea moyoni.

"Sahihi hapa, bosi. Shuka kidogo. Hapo hapo."

Akatia sahihi. Mlinzi akaisoma karatasi yote, neno kwa neno, kidole chini ya kila moja. Akafungua sanduku, akafungua geti. Chupa zikaingia, kreti baada ya kreti, soksi zote miguuni. Lakini lori la ndoo lilipofika likikohoa, akateremsha boriti mbele yake.

"Lina nini tena hilo?" aliuliza Meneja, akivaa miwani.

"Sentensi ya pili, bosi." Mlinzi akasoma: "Ndoo yoyote iliyowahi kubeba rangi au dawa hairuhusiwi kuingia." Akaigeuzia karatasi upande wa Meneja. "Sahihi yako hii hapa, na mkia wake."

Meneja alimtazama Bi Kifuniko. Bi Kifuniko alikuwa anazivua chupa soksi, moja moja, taratibu, kama mama anayewarudisha watoto kutoka safari.

Mkubwa alikuja saa sita, akala, akaomba sahani ya pili, akamsifu Meneja kwa ubunifu wa zile chupa. Meneja akapokea sifa hizo kwa mikono miwili. Kwa wiki mbili hakuna aliyeugua. Wifi alipanda miti kwa mikono yote miwili.

Kisha kambi ikaisha, na Bi Kifuniko akakabidhiwa barua: amemlaghai kiongozi, amesimamishwa kazi, afike kikaoni ajieleze. Sifa za chupa wamempa Meneja, lawama wamembakizia aliyezichemsha. Na wale themanini waliocheka getini? Wameanza kukohoa. Huyu ana watoto, yule ana mkopo, mwingine anasema siku ile alikuwa upande wa pili wa lori na hakusikia vizuri. Waliokwisha kubali kusimama naye ni wawili tu: wifi, na mlinzi.

Kikao ni leo, saa nne, chumba cha kwanza baada ya stoo ya mbegu. Mlango hauna kufuli na hakuna sheria inayokuzuia kuingia. Wakiuliza wewe ni nani, sema ni mtu anayekula. Sasa hivi ni saa tatu na nusu. Weka chini ulichokishika, inuka, twende.