Sindano Juu ya Maji

Fundi wa nguo za shule alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa na adui mmoja: kengele ya mapumziko.

Uadui wenyewe ulianza muhula uliopita. Binti, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtaalamu kwa kuwa alishinda kutwa mbele ya kompyuta, alikuwa akitengeneza michezo ya mtandaoni ya kuwafundishia watoto sayansi. Mchezo wake wa kwanza ulihusu sumaku. Ulikuwa na rangi, ulikuwa na muziki, na ulikuwa na punda mwenye kwato za chuma aliyevutwa hadi akabandikwa darini miguu juu. Watoto wa darasa la nne waliucheza kwa adabu. Saa nne kengele ikalia, na kufumba na kufumbua chumba kikawa kitupu, muziki unajiimbia wenyewe.

"Mimi kompyuta sizijui sana," Mwalimu Mkuu alimwambia siku ile, "ila kengele naijua. Mtoto akishikwa na jambo, kengele haisikii. Niletee mchezo mwingine. Ukiishinda kengele, nauingiza kwenye ratiba ya shule nzima. Wakitoka mbio tena, mwanangu, tuachane kwa heri."

Mtaalamu alirudi nyumbani akasema mchezo wa pili ukishindikana, basi, anarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kupiga chapa barua ambazo hata walioziandika hawakuzisoma. Fundi aliendelea kushona. Aliikumbuka miaka ile. Binti yake alikuwa akirudi jioni amepauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani, anakula bila kujua anachokula. Hakutaka kumwona hivyo tena.

Sebule yao ilikuwa moja na kazi mbili. Cherehani ilikaa dirishani ipate mwanga, kompyuta ilikaa kwenye meza ya chakula, na tundu la umeme lilikuwa moja tu nyuma ya kabati. Fundi akichomeka pasi, Mtaalamu anabaki na betri. Mtaalamu akichomeka kompyuta, sketi za watu zinasubiri na makunyanzi yao. Mpatanishi alikuwa mjukuu, Kiroboto, binti wa Mtaalamu, mwenye miaka tisa na mwanafunzi wa shule ile ile, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakukaa mahali pamoja hata akiwa anakula.

Shule ilitaka kuuona mchezo mpya siku ya Alhamisi. Jumatano, mara tu baada ya chakula cha mchana, Mtaalamu alimwekea mama yake kishikwambi mapajani.

"Mama, wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza leo. Hili ni beseni la maji. Hivi hapa pembeni ni vitu. Unakisia kwanza, kinaelea au kinazama, halafu unakiburuta kwa kidole unakitia majini."

Fundi alivaa miwani, akalowesha ncha ya kidole ulimini kama alivyozoea kufanya na uzi, akakiweka kwenye kioo. Hakuna kilichosogea.

"Mama! Hicho si uzi!"

"Mkono umejizoelea," alisema Fundi, akakifuta kidole kwenye kanga.

Akaanza. Chungwa alisema linaelea, likaelea, nyota ikang'aa. Ufunguo alisema unazama, ukazama na viputo vyake, nyota nyingine. Kizibo, kijiko, mshumaa, yote sawa. Kisha ikaja sindano. Fundi akabonyeza "inaelea", akaiburuta taratibu mno, akailaza juu ya maji kama anayemlaza mtoto mchanga. Sindano ikazama papo hapo, na bata akatokea kona ya kioo akamcheka: kwaa, kwaa, kwaa!

"Huyu bata ananicheka mimi?"

"Umekosea, mama. Sindano ni chuma."

"Najua ni chuma. Nimeishika tangu hujazaliwa. Lakini inaelea."

"Haielei, mama."

"Nakwambia inaelea."

"Mama, hata kitabu cha shule kinasema!"

"Basi aliyeandika hicho kitabu hajashona hata kifungo." Fundi aliinuka. "Kiroboto, niletee bakuli la maji. Lisimwagike njiani!"

Maji yakaja, mengi yao kwenye bakuli. Wakasubiri yatulie. Fundi alichomoa sindano kwenye kifundo cha kanga, akaipitisha katika nywele zake mara mbili, tatu, kama wafanyavyo mafundi ili iteleze vizuri kwenye kitambaa kigumu. Akaishika kwa vidole viwili, imelala, akaishusha mpaka vidole vikagusa maji, akaiachia.

Sindano ikabaki juu. Ikazunguka kidogo, ikatulia.

Kiroboto alipiga ukelele uliomtoa jirani mlangoni kwake. Mtaalamu alipiga magoti kando ya meza, kidevu kikawa sawa na ukingo wa bakuli. Aliona jinsi maji yalivyobonyea chini ya sindano, kama godoro linavyobonyea chini ya mtu mwembamba.

"Ule uso wa maji," alisema polepole. "Unajishikilia wenyewe, kama ngozi. Na mafuta ya nywele yanazuia maji yasiipande sindano. Mama, niliyasoma haya! Nilipata alama zote! Lakini sijapata kuyaona kwa macho."

"Nani alikukataza?"

"Na wewe uliyajulia wapi?"

"Nilipokuwa najifunza ushonaji, fundi wangu alikuwa mkali. Akitoka, sisi wasichana tunashindana sindano ya nani itakaa juu. Akirudi, tunatia tone la sabuni, zote zinazama, ushahidi hakuna."

Kiroboto alikwishakimbilia sabuni. Tone moja tu, na sindano ikashuka kama iliyoitwa.

Mtaalamu aliirukia kompyuta. "Mama, chomoa pasi!"

"Pasi ina sketi kumi na mbili za kesho!"

"Mama, tafadhali!"

Fundi alichomoa pasi. Mchana ule Mtaalamu alimfukuza bata, akazifuta na nyota. Beseni lake sasa lilifuata mkono wa mchezaji: ukikitupa kitu, kinazama, ukikilaza taratibu, huenda kikakaa. Akaongeza kichupa cha sabuni. Fundi alisimama nyuma yake akimwongoza: "Ilaze, mwanangu, hiyo bado inadondoka. Na sindano toa. Watoto wataijaribu kwa mikono, watachomana. Weka zile klipu za karatasi." Sindano ikawa klipu. Jua lilikuwa bado dirishani kazi ilipokwisha.

"Na wewe," Mtaalamu alimwambia Kiroboto, "kesho kengele ikilia, ole wako uinuke."

"Naapa, mama. Nitakaa kama nimeshonewa kitini."

Asubuhi, chumba cha kompyuta kilikuwa na watoto arobaini, wawili wawili kwa kishikwambi kimoja. Fundi alikaa pembeni na furushi lake la sketi, aje kuwapima wasichana baadaye. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni amekunja mikono. Mwanzoni palikuwa kimya. Kisha zikaanza kelele.

"Umeitupa! Ilaze, bwana, ilaze!"

"Mkono wenyewe kama wa kubebea magunia, utalaza nini?"

"Yangu imekaa! Njooni mwone, imekaa!"

"Ngoja nikutilie sabuni."

"Wee! Usithubutu!"

Mtaalamu alikuwa akizunguka katikati ya meza, uso umemfunguka. Fundi alimtazama, hata hesabu ya sketi ikampotea.

Kengele ikalia.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Kiroboto. Hakuangalia nyuma. Alimnong'oneza mwenziwe neno, wakatoka kama risasi, na wengine wote nyuma yao, viti vinaanguka, vishikwambi vimeachwa vinameremeta mezani. Dakika moja haikupita, wakabaki watu wazima watatu.

"Basi, mwanangu," alisema Mwalimu Mkuu kwa upole, akaenda ofisini kwake.

Mtaalamu hakulia. Alianza kukusanya vishikwambi kimoja kimoja, akifuta alama za vidole kwa upindo wa shati. "Hata mtoto wangu mwenyewe, mama," alisema mwishowe.

Fundi akaenda dirishani. Akatazama, akatazama tena.

"Mbona uwanjani hakuna mtu?"

"Wako wapi?"

"Ndiyo nakuuliza. Mpira ule pale, umelala peke yake."

Wakatoka. Kelele zilitoka nyuma ya jengo, kwenye mabomba ya kunawia. Watoto wote arobaini walikuwa wamechuchumaa kuzunguka ndoo, mabakuli na vifuniko vya makopo. Kiroboto alikuwa akizipitisha klipu kwenye nywele zake moja baada ya nyingine na kuzigawa. Mvulana mmoja aliyenyolewa upara alikuwa amemshika mkono akimsihi, "Niazime nywele basi, dada yangu, kidogo tu!"

"Mama!" Kiroboto alipayuka alipomwona. "Tumekuja kuona kama mchezo wako unasema kweli! Mle ndani hamna maji!"

Mtaalamu alifunika mdomo kwa mikono miwili.

Mara mlango wa ofisi ukafunguka kwa kishindo. Mwalimu Mkuu alitoka amekumbatia rundo la karatasi, nyingine zikipepea nyuma yake.

"Nani kachukua klipu zangu?"

Arobaini wakaficha mikono nyuma. Mwalimu Mkuu akasogea, akainama juu ya ndoo iliyo karibu. Klipu zake saba zilikuwa zimekaa juu ya maji, zimetulia.

"Hizi zimekaaje hapa?"

Mtoto mmoja alimpa klipu kavu. Mwalimu Mkuu akampa Fundi zile karatasi, akachuchumaa, akaitia. Ikazama.

"Umeitupa, mwalimu," alisema yule mvulana wa upara kwa sauti ya daktari. "Ilaze."

Akajaribu tena, ikazama. Alikuwa akijaribu mara ya nne, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo, wakati kengele ya kurudi darasani ilipolia. Mlinzi akaigonga mara ya pili, akaja mwenyewe kuchungulia kuna msiba gani. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Imekaa!" alipaza sauti Mwalimu Mkuu. Ndipo alipomwona mlinzi, akaiona na saa yake. Akainuka akikung'uta magoti, akajaribu kurudisha uso wa kazi, ukagoma. "Mtaalamu," alisema, "Jumatatu uje tupange ratiba. Madarasa yote. Na klipu uje nazo zako."

Watoto hawakumngojea ajibu. Walikuwa wameshamvamia.

"Je, kwenye chai inakaa?"

"Kwenye maziwa je?"

"Sijui," alisema Mtaalamu, akicheka huku machozi yanamtoka.

"Mtaalamu mzima hujui?"

"Sijui! Kaombeni maziwa jikoni tuone."

Wakatimka. Fundi alikuwa na sketi kumi na mbili za kupima, na wasichana kumi na wawili walikuwa wamelowa mpaka kiunoni. Aliwatazama wakipotea jikoni, akaketi juu ya furushi lake, akavua viatu. Vipimo vya siku ile vilikuwa vimeshaharibika, naye hakuwa na haraka yoyote.