Golikipa Ndani ya Plastiki

Mimi sipendi mutu anayetoa karte mufukoni kama anatoa karanga. Nikiona hivyo damu inachemka, na muke wangu Henriette anasema siku moja nitakufa kwa hasira ya bure. Lakini muulize mutu yeyote hapa Mabanga, mujini Goma: nani amewahi kuibiwa kwenye meza yangu, mimi Kasereka? Wapi! Nauza karte za mupira, zile karatasi ngumu zenye picha za wachezaji, na wanaotaka kubadilishana nawakutanisha. Kwangu hakuna kutuma karte kwa mutu wa pikipiki, wala kutanguliza ya kwako ukingoja ya mwenzako. Wote wawili wanakuja muchana, wanaweka vitu mezani kwa pamoja, mimi shahidi. Asiyetaka, barabara ile pale.

Papa Zéphirin alikuja kwangu mwaka ule barabara ya Bunagana, ile ya kwenda Uganda, ilipofunguliwa tena baada ya vita. Alikuwa amekimbia milima ya Masisi, anaishi kambini Mugunga na muke wake Élisabeth. Alifungua Biblia, akatoa karte ndani yake. Kijana mwenye glovu kubwa na nywele nyingi, golikipa wa timu ya Radi ya Sake. Yo! Karte hizo zilikuwa zinatoka ndani ya paketi za biskuti, miaka ya themanini, na mimi nilikuwa sijaona hata moja kwa zaidi ya miaka makumi mbili.

"Ni mimi huyo," akasema.

Nikatazama picha, nikamutazama yeye. Nywele zilikuwa zimekwisha, lakini masikio ni yale yale.

Hakutaka pesa. Élisabeth alikuwa fundi wa kushona, na mashini yake ilibaki nyumbani siku waliyokimbia. Tangu hapo mama wa watu anapanga mustari kungojea unga, yeye aliyevalisha maharusi wa kijiji kizima. "Unitafutie mutu wa kunipa mashini ya kushona," Zéphirin akasema. "Sina kitu kingine cha kutoa. Ni hii tu."

Mutu nilimujua. Florent, mutoto wa Goma anayeishi Kampala, alikuwa amekusanya karte kumi za timu ile, amekosa golikipa tu. Nikamupigia simu. Akapiga kelele ya furaha, akasema wiki ijayo atapita Bunagana na mashini nzuri, ya kukanyaga kwa mguu. Jina la Zéphirin sikumutajia. Kwangu majina yanatajwa mezani, ndiyo desturi yangu.

"Sasa muzee, hii karte uilinde," nikamwambia Zéphirin. "Isiguswe na maji, isikunjwe. Tafazali sana."

Nilimwambia ailinde. Namna ya kuilinda sikumwambia. Kosa ni langu, nalisema mwenyewe kabla Henriette hajalisema.

Siku ikafika. Florent akashusha mashini, akaiweka kando ya meza, akatandaza karte zake kumi mustari mumoja. Papa Zéphirin akaja na shati iliyopigwa pasi, akaweka ya kwake. Ilikuwa inang'aa.

"Ni nini hii?" nikauliza.

"Nimeilinda," akajibu kwa furaha. "Mama Henriette ameipitisha kwenye mashini yake. Hata hakunilipisha."

Muke wangu ana mashini ya kufunga karatasi ndani ya plastiki kwa moto, hatua tano kutoka kwa meza yangu. Hapa Goma kila karatasi tunayoipenda inapita pale: karte ya kura, cheti cha ubatizo, diploma, picha ya marehemu. Tumekimbia moto wa volkano, tumekimbia risasi, mvua imetunyeshea na mizigo kichwani, kwa hiyo tunafunga. Lakini kwa mukusanyaji, karte iliyopikwa ndani ya plastiki imekufa. Haitoki tena humo.

"Henriette!" nikapiga kelele. "Umeua karte!"

"Nimeua nini?" Akashika kiuno. "Wewe ulimwambia ailinde. Angeilinda na nini, na maneno yako?"

Hapo nikazidi kukasirika.

Florent akageuza karte, akairudisha polepole. Si mutu mubaya. "Papa, unisamehe. Hii siwezi kuichukua. Na kwa plastiki hii siwezi hata kushika karatasi nijue kama ni ya kweli. Watu wamenidanganya sana."

Zéphirin akasogea mbele. Aligusa gurudumu la ile mashini kwa kidole kimoja, kisha akaondoa mukono haraka, kama mutoto aliyekatazwa. Roho iliniuma. Nilitamani kujipiga kofi mimi mwenyewe.

Florent akaanza kukusanya karte zake. Hapo ndipo Zéphirin akaziona vizuri.

"Yee! Habarurema!" Akainama. "Léopold! Na huyu Ushindi, aliyekuwa anatumalizia biskuti!" Aliwataja mumoja mumoja bila kusoma chochote.

Florent akasimamisha mukono. Akatazama plastiki, akatazama masikio. "Papa... ni wewe?"

"Ni mimi. Lakini huyu wa mwisho ni nani?"

"Bagalwa. Winga wa kushoto."

"Wapi! Bagalwa hakuwa na jino hapa mbele, na jezi yetu haikuwa na kola. Huyu sijamuona hata siku moja."

Florent akanywea. Karte ile ndiyo aliyoinunua kwa bei kubwa kuliko zote. "Aliyeniuzia alisema Bagalwa alikufa kwa vita, kwa hiyo karte yake ni ngumu kupatikana."

Papa Zéphirin akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimusikie anacheka. "Bagalwa amekufa? Yuko Ndosho, hapa hapa Goma, anatengeneza viatu! Hivi nilivyovaa amenishonea juma lililopita. Na karte yake anayo mpaka leo."

Florent akaketi. Akajifuta uso. "Papa, chukua mashini. Unipeleke kwa Bagalwa, na uniambie karte zipi ni za kweli."

"Sikukuja kuomba," Zéphirin akasema kwa ukali. "Nilikuja kubadilishana."

"Tunabadilishana. Mimi nataka unayoyajua. Karte ubaki nayo."

Wakanitazama mimi. Sasa maneno yanawekwaje mezani? "Aandike," nikasema. Henriette akaleta karatasi. Zéphirin akaandika majina yote kumi na moja na namba zao, tisa za kweli akazihakikisha, ile ya uongo akaandika kwamba si ya timu, akatia sahihi. Akaweka karatasi. Florent akainua mashini, akaiweka pembeni yake.

"Chukueni kwa pamoja," nikasema, na wakachukua.

Zéphirin akapiga simu amwite Élisabeth aje na mutu wa kubeba. Aliposikia sauti ya muke wake, akafunika macho kwa mukono. Akanipa simu.

"Mama Élisabeth, ni Kasereka wa Mabanga. Kuja upesi. Kuja na mutu wa kubeba."

Nikasikia anavyopumua.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mimi na hasira yangu yote, machozi yakanitoka mbele ya wateja.

"Hakuna mutu amekufa, mama," nikamwambia. "Ni mashini ya kushona. Ni ya kwako."