Sato wa Nadhiri

Mara ya kwanza Restuta kusikia samaki wakisema, alicheka mpaka akaona haya. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya bwawa la Mazungwe, hedifoni zimembana juu ya kitambaa cha kichwa, na Batuli, yule mwalimu kijana wa chuo kikuu kule Chimwaga, amechuchumaa mbele yake akimtazama usoni kama mpishi anayengoja mboga yake ionjwe. Maji mbele yao yalikuwa yametulia, rangi ya chai ya maziwa. Lakini masikioni mwa Restuta kulikuwa na kijiji kizima. Kulikuwa na mchakarisho kama wa mtu anayepepeta uwele, na chini yake sauti nzito, du, du-du, du, mfano wa mwanamke anayetwanga peke yake nyumba ya tatu.

"Nani anatwanga humo?" akauliza.

"Dume la sato, bibi. Amechimba shimo lake kwenye tope, anaita majike na kuwafukuza madume wenzake. Ukimsikia hivyo, yuko kwake."

"Kumbe na yeye akiwa kwake anakuwa na maneno, kama mume wa mtu."

Batuli alicheka. Kisha, bado akitabasamu, akasema jambo lililomkausha Restuta kicheko. Alisema kwamba sasa wamejua pa kuanzia. Kinasa sauti kikae majini kwenye kona hii siku kadhaa, na kama sauti ni hiyo hiyo, zitaletwa nyavu na sato wote wa hapa watolewe kabla mvua hazijaanza.

Restuta alivua zile hedifoni polepole. "Haya, mwanangu," akasema.

Jinsi sato walivyoingia katika bwawa la Mazungwe haikuwa siri. Kanisa zima liliwasindikiza kwa nyimbo.

Miaka mitatu nyuma mjukuu wake Erica, mtoto aliyeachwa na marehemu binti yake, alilazwa hospitali ya Mvumi damu ikiwa imemwishia kwa malaria. Restuta alikuwa amelala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto, hana la kufanya ila kusali. Akaweka nadhiri. Mtoto huyu akitoka hapa kwa miguu yake, Bwana, nitakutolea kitu kilicho hai, kitakachozaa na kulisha watoto wa watu wote. Erica alitoka kwa miguu yake, ndala zake ameshika mkononi. Sasa Restuta akawa na kazi ya kutimiza. Kuku alimwona mdogo kwa jambo kubwa namna ile, na mbuzi, je, angelisha wangapi? Aliposikia kuna mtu karibu na mjini anauza vifaranga vya sato, alijua moyoni kwamba ameonyeshwa.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, watu walileta maboga, majogoo na madebe ya uwele, na yeye akaleta ndoo ya maji. Baada ya ibada sadaka zilinadiwa nje ya kanisa kama desturi. Mzee Gideoni, mzee wa kanisa, alishindania ile ndoo na watu wakicheka, akaipata, kisha akafanya kama wanavyofanya wenye moyo: hakuondoka nayo. Akaitoa tena kwa Mungu. Lakini safari hii haikurudi mnadani. Alimkabidhi Restuta akasema twende bwawani. Wakashuka wakiimba, Gideoni akaomba baraka, na Restuta akamimina. Hakuna aliyeuliza hao wageni wataishije na perege, samaki wadogo weusi ambao bwawa lile lilikuwa nao tangu lichimbwe.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Sato walinona, na Sila, mwenyekiti wa wavuvi, akambatiza Restuta jina la Bibi Sato kwa heshima kabisa. Halafu bwawa likajaa. Nyavu zikawa zinatoka na visamaki vya kidole, kichwa kikubwa na mwili hakuna, vingine si sato si perege. Na perege wenyewe wakaadimika. Jina la Bibi Sato likabaki, ila Sila sasa alilisema kwa namna nyingine. "Bibi Sato, njoo uchukue watoto wako. Wametumalizia chakula na bado hawakui."

Batuli alikuwa ameyaeleza haya kwenye mkutano wa kijiji. Bwawa lenyewe, alisema, si hofu yake kubwa. Hofu yake ni pale maji yatakapofurika. Sato wataingia mtoni na kushuka hadi kwenye vinamasi vya vijiji vya chini, ambako perege wangali hawajaguswa, na huko hakuna wavu utakaowakusanya. Wala huwezi kukokota nyavu bwawa zima, maana utawamaliza hata perege wachache waliobaki. Ndiyo maana lazima kusikiliza kwanza. Perege naye ana mlio wake, mwepesi na wa haraka. Unaposikika huo, wavu haupiti.

Watu walitikisa vichwa kukubali. Restuta pia. Lakini usiku ule na siku zilizofuata hakuwa na amani. Wao waliona samaki. Yeye aliona neno alilompa Mungu. Kuwavua ni kumnyang'anya Mungu kilicho chake, na Mungu akinyang'anywa, naye hatachukua alichotoa? Alimtazama Erica akichota maji, akamtazama akiruka kamba na wenzake, na kila alipokohoa mtoto, bibi aliacha alichokuwa akifanya.

Alikwenda kwa Mzee Gideoni. Mzee alijikuna kidevu, akasema kilichowekwa madhabahuni hakirudi jikoni. Kisha akaona uso wa Restuta akaongeza upesi kwamba yeye si mchungaji, na mchungaji yuko mjini kwenye semina. Restuta akarudi nyumbani na lile neno la kwanza tu.

Shamba lake lilipakana na maji, kwa hiyo Batuli alimwachia kinasa sauti akilinde, ng'ombe wasije wakaburuta kamba. Alasiri ile alishuka na ndoo yake kama anayeteka maji. Aliingia mpaka magotini, akavuta kamba, akakitoa. Kilikuwa kitu kidogo, kama gunzi lililovikwa mpira mweusi. Alikikumbatia kifuani, akatembea nacho hadi kwenye kina kifupi ng'ombe wanakonywea, pasipo na samaki wa kusikiwa, akakizamisha pale. Njia nzima alikuwa akisali kwa sauti, maana ndivyo alivyozoea kutembea.

Batuli aliporudi aliamkia, "Shikamoo bibi," akaketi mkekani, akaunganisha kinasa sauti, ambacho Restuta alikuwa ameshakitoa majini, na kompyuta yake. Restuta alikuwa akimenya karanga. Batuli alisikiliza muda mrefu. Alikunja uso, akasogeza mbele, akasogeza nyuma. Wingu lilikuwa limeanza kukaa upande wa mashariki, na Restuta aliona jinsi binti alivyolitazama mara moja kisha akarudisha macho kwenye kompyuta.

Mwishowe alivua hedifoni, akampa Restuta.

Zilisikika kwato na ng'ombe akinywa. Kisha Batuli akarudisha nyuma, na kamba ikalia kwa kukwaruza, na ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba, kama inatoka ndani ya mtungi. Restuta hakuitambua mpaka iliposema jina. *Hawa ni wako, Bwana, mimi nilikupa. Usinidai Erica. Usinidai Erica.*

Karanga zilimtoka mapajani.

"Mbona hukuniambia?" akauliza Batuli.

"Ungenicheka, mwanangu."

"Mama yangu kule Kondoa akiweka nadhiri, hata baba hathubutu kukohoa. Nikucheke wewe?" Alisema kwa ukali kidogo, maana alikuwa amepoteza siku ambazo hakuwa nazo. Kisha sauti ikamshuka. "Mimi najua samaki, bibi. Mungu atakudai nini, hilo sijui. Siwezi kukudanganya."

Akainuka, akachukua kopo la maji akaenda nyuma ya nyumba kutawadha, maana wakati wa sala ya alasiri ulikuwa umefika.

Restuta alibaki na hedifoni masikioni. Alikuwa ameona kidole cha Batuli kinapogusa ili kurudisha nyuma, naye akagusa, akapita sauti yake mwenyewe, akarudi kwenye siku zile kinasa sauti kilipokuwa bado mahali pake. Du, du-du, du. Sasa haikuwa nyumba ya tatu. Ilikuwa nyumba hii, na ile, na ya pili yake, kila mahali wanatwanga. Akafumba macho kama anavyofumba kanisani, akatafuta ule mlio mwepesi aliosimuliwa. Alikaa. Akaja akausikia, tik-tik-tik, mara moja, kama mtoto anayeamkia watu wazima katikati ya kelele za kilabu. Hakuna aliyemwitikia. Vile vishindo vikamfunika. Restuta akangoja asikie tena, na hakusikia tena.

Batuli alipomaliza sala yake alimkuta amesimama, kanga imefungwa kiunoni.

"Nilimwambia Mungu watalisha watoto wa watu wote," akasema Restuta. "Sikumwambia wawamalize watoto wa perege."

Akashuka majini akakirudisha kinasa sauti kwenye kona yake, na hakumruhusu Batuli amsaidie.

Siku ya nyavu Sila na wenzake walikokota pale tu walipoonyeshwa. Mzee Gideoni alikuja. Alisimama mbali, kofia mkononi, na hakuna aliyejua kama anaomba au anasikitika. Sato walitoka wengi, wakagawanywa nyumba kwa nyumba, wengine wakapelekwa shuleni. Sila alifungua mdomo kusema Bibi Sato, akamwona Restuta alivyoshika ndoo yake, ndoo ile ile, akaufunga. Akamchagulia mmoja mkubwa.

Batuli alimwambia kweli yote: hawajawatoa wote, hawawezi. Watasikiliza tena baada ya mvua, na huenda na mwakani. Alikuwa akitazama mawingu wakati anasema.

Restuta alimpika yule sato kwa nyanya, akamweka mbele ya Erica pamoja na ugali wa uwele. Yeye mwenyewe hakuweza kula. Kabla mtoto hajamega alisali, na sala ilikuwa fupi kuliko zake zote, maana hakujua aombe msamaha au ashukuru, akamwambia Mungu tu kwamba chakula kiko mezani. Erica akala akilalamikia miiba, akalamba vidole, akajinyoosha mkekani na joto la mchana likamlaza.

Nje tone la kwanza lilipiga bati, kisha kimya. Restuta alipiga magoti, akavua kitambaa cha kichwa, akaliweka sikio lake mgongoni mwa mtoto. Du-du. Du-du. Akabaki pale, ameinama, akisikiliza, na mvua ikaanza.