Shoka la Mzee Cheonbok

Manseok alimimina siki kwenye beseni, akalitumbukiza shoka la baba yake, akaenda kulisha ng'ombe. Alikuwa amelikuta nyuma ya zizi alipokuwa akibomoa ukuta wa udongo. Lilikuwa limeliwa na kutu, na mpini ulimegukia mkononi alipoushika.

Baba yake, mzee Cheonbok, alimtazama kutoka barazani.

"Achana na hilo. Sokoni yamejaa mapya."

"Chuma kama hiki hakipo sokoni, baba."

"Nimesema achana nalo."

Manseok aliona ni ubishi wa uzee tu. Kutu ilipolainika aliisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikatoka cheusi na safi. Akachonga mpini mpya wa mwaloni, akaulainisha kwa kigae cha chupa, akaupaka mafuta ya ufuta, akaupigilia kwenye tundu la shoka na kuukaza kwa kabari. Kisha akanoa, akanoa, hata makali yakaweza kunyoa vinyweleo vya mkono wake.

Akasimamisha gogo la msonobari uani, akalipiga. Gogo likapasuka katikati, likasema, "Sio mimi."

Mkewe, Okhui, alikuwa akiosha kabichi karibu na kisima.

"Unasemaje?"

"Sijasema kitu. Ni gogo."

"Hebu chanja jingine."

Akachanja. "Sio mimi," likasema la pili, kwa sauti ya puani kama ya mtu mwenye mafua.

"Huyo ni Nam Pilsu," Okhui akasema, akageuza kabichi. "Alikuwa akimletea mama yangu mafagio nilipokuwa mtoto."

Nam Pilsu alikuwa mfunga mafagio aliyekuja kutoka kaskazini na binti yake mdogo. Majira ya baridi baada ya vita, misonobari ya serikali kule mlimani ilikatwa, na askari wa misitu wakaja kijijini wakitaka mtu. Wakapewa Pilsu. Alifia gerezani, akazikwa hukohuko.

Jioni hiyo mzee Cheonbok hakugusa chakula.

"Nyumba zilikuwa zimeungua zote," alisema mwishowe. "Watoto wanalala kwenye theluji. Tulipanda mlimani wanaume wote. Hiyo boriti iliyo juu yako inatoka huko."

"Na Pilsu alikata mingapi?"

"Pilsu hakuwa na shoka."

Okhui akaweka kijiko chini. "Sasa kwa nini yeye, baba?"

"Hakuwa na ndugu hapa," mzee akasema, akaomba aletewe maji.

Habari zikaenea. Watu walikuja na magogo yao wenyewe, ya mwaloni, ya msonobari, hata kisiki cha mtufaha, na yote yakasema vilevile. Mwenyekiti wa kijiji, Gu Taeyeop, alichanja moja kwa mkono wake, akasikiliza, akasema kuni hizo zimekauka vizuri.

Ndipo akaja Bunrye, binti wa Pilsu, ambaye sasa alikuwa mama mtu mzima anayeuza tofu ya maharage ya soya ng'ambo ya kijito. Aliomba achanjiwe gogo moja. Alipoisikia sauti alikaa kwenye ngazi ya baraza, akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Nataka mifupa yake irudi. Azikwe pale mlimani pamoja na wafu wengine wa kijiji. Na kwenye mkutano mseme kwamba hakuwa yeye."

"Dada Bunrye, wazee waliobaki ni wachache," mwenyekiti akajibu taratibu. "Watoto wao wako mjini, wana kazi zao. Tukisema hakuwa yeye, tutaulizwa ni nani."

"Ni nani, kweli?"

Mzee Cheonbok alikuwa dirishani. Bunrye alimngojea aseme, na mzee akalifunga dirisha.

Manseok alihisi macho ya jirani zake, akainama kuokota kuni. Alimfungia Bunrye mzigo wa kuni, akambebea mpaka kijitoni.

Mzee Cheonbok alifariki theluji ilipoanza kuyeyuka. Alizikwa kwenye mteremko unaopata jua asubuhi. Kijiji kizima kilibeba jeneza kwa zamu, na Bunrye alileta tofu ya matanga, maana ndiye muuzaji pekee. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote za uani, kwa hiyo Manseok, angali katika nguo za msiba, akashika shoka nyuma ya jiko na kuanza kuchanja magogo ya stoo ili sufuria za mchuzi zisipoe.

"Sio mimi," likasema gogo la kwanza. "Sio mimi," likasema la pili.

Wageni waliokuwa chini ya turubai wakainua sauti kidogo ili wasikilizane, wakapitishiana pombe ya mchele. Mwenyekiti akaomba aongezewe tofu, na Bunrye akamwongezea.